Majivu ya Mkorosho na Moto Wake

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Kabla sijasema neno, pokeeni hiki kibakuli mkipitishe mikononi. Ule ukijani uliopauka unaong'aa kama jani la mgomba lililonyeshewa haukutoka kwenye kopo la rangi. Ni majivu ya matawi ya mkorosho, yale tunayopogoa na kuchoma shambani.

Jivu la kuni lina chokaa nyingi, potashi, na kidogo silika, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo. Potashi mnaijua, ndiyo iliyomo kwenye maji ya majivu tunayolainishia mlenda. Chukua sehemu 2 za jivu, 2 za feldispa iliyosagwa, yaani madini ya mawe, na 1 ya udongo. Kwenye moto mkali vinayeyuka, chombo kinavaa kioo. Wachina wamelijua hili kwa zaidi ya miaka 3,000, tangu majivu ya kuni yalipokuwa yakirukia vyungu tanurini.

Jivu nalichekecha, nalilowesha kwenye ndoo, likituama namwaga maji ya juu. Vaeni glovu! Mara ya kwanza nilikoroga kwa mkono mtupu kama ninayekoroga uji. Jioni vidole vikawa vinateleza kama kambale, asubuhi ngozi ikachubuka. Na msinifuate kwenye pumba za mpunga: jivu lake karibu lote ni silika, haliyeyuki kirahisi. Bakuli langu lilitoka kama msasa.

Sasa penye shida. Majivu haya yanataka digrii kama 1,250 za Selsiasi. Mama wa Newala akipanga vyungu uwanjani na kuvifunika kuni na nyasi, moto ule haufiki hata 1,000. Ukipaka jivu hapo, litabaki jivu, utalisuuza kisimani. Na ukiupeleka udongo wetu wa vyungu kwenye tanuri la 1,250, mwingi utalegea na kubonyea. Kwa hiyo tanuri lenyewe na udongo unaolistahimili ndivyo vya kutafuta kwanza. Majivu yapo tele. Mtungi wa maji, nawaomba, msiuguse. Unapoza maji kwa sababu unatoka jasho, na kioo kitauziba.

Naam, bibi? Kama kinapikia? Hapana, bibi yangu, ukikiweka mafigani kitapasuka. Hicho ni cha kulia tu.