Kutabiri mwani mkavu kabla haujakauka

Habari za asubuhi, makatibu wa vikundi na maofisa ugani wa Bagamoyo.

Mwani unatoka majini leo, na leo hiyo hiyo mnunuzi anauliza kesho kutwa atapakia kilo ngapi zilizokauka. Ukimtajia nyingi, gari linaondoka nusu tupu. Ukimtajia chache, mwani unabaki stoo unavuta unyevu. Daftari la kikundi linaweza kumjibu vizuri kuliko kubahatisha, mradi namba zake ziwe za jozi: kiroba kile kile, uzito wake kikiwa kibichi, na uzito wake baada ya kutoka chanjani. Jumla ya mwezi peke yake haitoshi, kwa sababu haionyeshi kipi kilienda na kipi.

Tuchukue viroba vitano. Namba hizi ni za mfano, nimezifanya nyepesi ili kila mwenye kalamu afuate. Vibichi: kilo 20, 30, 40, 50 na 60. Vilipokauka: kilo 3, 4, 6, 6 na 8.

Kazi ya kwanza ni kuchora. Mbichi kwenye mhimili wa mlalo, mkavu kwenye wa wima, nukta moja kwa kila kiroba. Nawasihi msiiruke hatua hii hata kama simu inaweza kupiga hesabu yote kwa sekunde moja. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitengeneza makundi manne ya namba yenye wastani ule ule, mstari ule ule (ule ulionyooka unaopita katikati ya nukta, ambao nasi tutautumia kutabiri) na kipimo kile kile cha uhusiano, karibu 0.82. Ukiyachora, moja tu ndilo lenye nukta zilizosambaa kuuzunguka mstari kama inavyotakiwa. Jingine limepinda kama upinde, la tatu limevutwa na nukta moja iliyokaa pembeni, na la nne limesimama wima, nukta moja tu ikiwa mbali. Hesabu haikuliona hilo. Jicho linaliona mara moja.

Sasa hesabu. Wastani wa mabichi ni 40, wa makavu ni 5.4. Toa wastani kwenye kila namba upate michepuko. Mabichi: −20, −10, 0, 10, 20. Makavu: −2.4, −1.4, 0.6, 0.6, 2.6. Zidisha jozi kwa jozi: 48, 14, 0, 6, 52. Jumla ni 120. Kisha zidisha kila mchepuko wa mbichi kwa wenyewe na ujumlishe: 1,000. Gawanya 120 kwa 1,000, unapata 0.12, na huo ndio mwinamo wa mstari. Maana yake, kila kilo moja ya ziada ya mwani mbichi inaandamana na gramu 120 za mkavu. Kianzio cha mstari ni 5.4 ukitoa 0.12 mara 40, yaani 0.6.

Hiyo 0.6 isiwapotoshe. Haisemi kwamba kiroba kitupu kitatoa gramu 600. Hatukupima kiroba chochote chini ya kilo 20, na mstari hauna ushahidi huko.

Nguvu ya uhusiano, ile inayoandikwa r, tunaipata kwa kugawanya 120 kwa kipeuo cha pili cha 1,000 mara 15.2, hiyo 15.2 ikiwa jumla ya michepuko ya makavu iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu ni 0.97. Kipimo hiki hakitoki nje ya −1 na 1, na 0 maana yake hakuna uhusiano wa mstari ulionyooka. Uhusiano uliopinda unaweza kuwa na nguvu sana na r ikasoma karibu na 0.

Kiroba cha kilo 45 basi: 0.6 jumlisha 0.12 mara 45, ni kilo 6.0. Wengi huishia hapa, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganywa bila mtu kukusudia. Pima mabaki, yaani uzito halisi ukitoa uzito uliotabiriwa: 0, −0.2, 0.6, −0.6, 0.2. Yazidishe kila moja kwa lenyewe, jumla ni 0.80. Gawanya kwa 3, si kwa 5, kwa kuwa mwinamo na kianzio vimeshatumia viwili. Kipeuo chake ni kama 0.52, yaani umbali wa kawaida, kwa kilo, wa nukta kutoka kwenye mstari. Kwa viroba vitano tu, utabiri wenye uhakika wa asilimia 95 kwa kiroba hicho unaanzia kilo 4.2 hadi 7.8. Ni upana mkubwa, ingawa r ni 0.97. Mtajieni mnunuzi na upana huo.

Dawa ya kwanza ya upana huo iko kwenye mizani. Ikisomwa kwa kilo nzima, kila namba inaweza kukosea hadi nusu kilo, karibu sawa na hiyo 0.52. Someni hadi gramu 100.

Dawa ya pili ni mwandiko. Daftari likilowa maji ya chumvi, 8 na 3 hufanana. Andika 3 mahali pa ile 8 ya kiroba cha mwisho, kisha rudia hesabu: mwinamo unaporomoka kutoka 0.12 hadi 0.02, r kutoka 0.97 hadi 0.21, na kiroba cha kilo 45 kinatabiriwa kilo 4.5. Kosa la tarakimu moja, tena pembeni kabisa mwa grafu ambako nukta huuvuta mstari kwa nguvu zaidi. Hata hivyo msifute nukta kwa sababu tu inakera. Rudini kwenye kiroba chenyewe. Kama kweli kilinyeshewa na kikaoza, hiyo ni habari, iandikwe pembeni.

Mstari wa msimu wa kaskazi msiutumie masika, Machi hadi Mei, mwani unapofunuliwa na kufunikwa kila wingu likipita. Spinosum na cottonii, aina mbili za mwani, pia zisichanganywe: kila aina iwe na mstari wake.

Kuhusu chanzo nitasema kifupi: vitu viwili kwenda pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Kaskazi maji yakipata moto cottonii huugua, na joto hilo hilo huuza feni mjini. Mauzo ya feni yanaweza kwenda sambamba na hasara ya mwani, na hayaigusi bahari.

Bamvua lijalo, pimeni viroba 25, vidogo kwa vikubwa, kwa mizani moja. Chagueni 5 kwa kura na kuviweka kando. Chora mstari kwa 20. Kabla ya kuvipima vikavu vile 5, andika utabiri na upana wa kila kimoja kwa wino. Viwili vikitoka nje ya upana, msimtajie mnunuzi kitu: tazameni kwanza chanja, mizani na aina ya mwani.