Sigara, Marafiki na Nyumba Kijana Anakotoka

Wazazi, walimu, na ninyi vijana mliokaa mbele, asanteni kwa kuja.

Kijana akikutwa na sigara, kauli yetu ya kwanza ni kwamba ameharibiwa na marafiki. Sikatai kwamba marafiki wana nguvu. Sigara ya kwanza mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwenzake, wakaivuta kwa kupokezana. Na umri huo ndio wa hatari: nchini Marekani, ripoti ya Mganga Mkuu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba karibu 9 kati ya kila watu wazima 10 wanaovuta kila siku walianza kuvuta kabla hawajavuka miaka 18.

Lakini marafiki hao amewapataje? Watafiti waliofuatilia wanafunzi walewale kwa muda, wakiwauliza kila mara rafiki zao ni nani, wamekuta mambo mawili yakienda pamoja. Anayevuta humvuta mwenzake, ndiyo. Ila pia anayevuta huwatafuta wanaovuta. Tukilitazama la kwanza peke yake, tunamtwika rafiki mzigo wote.

Tena kijana hachagui marafiki kutoka dunia nzima. Huwapata darasani, mtaani, kwa wanaoishi kama yeye. Katika nchi nyingi tajiri uvutaji umebaki zaidi kwa wenye kipato na elimu ndogo. Kwa hiyo mtoto ambaye baba huvuta, kaka huvuta, huenda akakuta nyumbani kwa rafiki yake hali ni ileile. Hata kuacha kuna makundi. Nicholas Christakis na James Fowler, katika utafiti uliotoka mwaka 2008, walichambua habari za watu 12,067 wa Framingham, Marekani, kati ya 1971 na 2003. Waliona watu wakiacha sigara kwa makundi, huku waliobaki wakisogezwa pembezoni mwa jamii. Ndiyo maana sipendi tunapomwambia kijana, "Achana na hao." Huenda hao ndio watu pekee alio nao, na wengine ni ndugu zake. Tunamtaka awe mpweke ili awe na afya, na hilo ni gumu hata kwa mtu mzima.

Uingereza, huko Wales na magharibi mwa England, walijaribu njia nyingine katika shule 30 kati ya 59. Wanafunzi wa miaka 12 na 13 walitaja wenyewe nani kati yao husikilizwa. Waliotajwa, hata wakorofi, walipewa mafunzo, kisha wakazungumza na wenzao katika maongezi yao ya kawaida. Katika miaka 2 iliyofuata, uwezekano wa mwanafunzi wa shule hizo kuwa mvutaji ulikuwa mdogo kuliko wa shule 29 zilizobaki.

Walimu, hapo ndipo ningependa tuanzie: waulizeni wanafunzi wamtaje wanayemsikiliza, na jina likija la yule mnayemwadhibu kila wiki, msilifute.

Sasa maswali. Vijana watangulie.