Tuanze na Mguu: Mhadhara wa Diski ya Mgongo, Masasi

Nilizungumza haya mbele ya wakulima, wapakiaji wa ghala na madereva wa bodaboda mjini Masasi, wiki chache kabla ya msimu wa korosho. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo. Vijana mliokaa juu ya pikipiki huko nje, sogeeni kivulini, maana maneno haya yanawahusu sana.

Mama huyu wa mbele ameniazima ngata yake. Iangalieni. Akijitwisha ndoo, ngata ndiyo inayopokea uzito, kichwa kisiumie. Sasa uti wa mgongo ni pingili zilizopangana, na kati ya pingili na pingili Mungu ameweka ngata. Hiyo ndiyo diski. Nje ina nyuzi ngumu zilizopishana kama ukindu wa jamvi, ndani ina ute mzito. Ukiinama kubeba gunia la kilo 80, ute unasukumwa kwenda nyuma. Nyuzi zikishachoka zinachanika, ute unachomoza, na hapo hapo nyuma yake unapita mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Kiunoni karibu diski zote zinazotoka ni mbili za chini kabisa, zile zinazobeba mzigo wote wa juu. Ndiyo maana mtu ameumia mgongo lakini anayelia ni mguu: tako, nyuma ya paja, kigimbi, mpaka unyayo. Unawaka moto, unachomwa sindano, unakufa ganzi.

Simameni kidogo. Wote, hata wazee. Tembeeni hatua kumi kwa visigino, vidole juu. Vizuri. Sasa rudini kwa ncha za vidole. Mzee wangu wa shati la bluu, mguu wako wa kushoto umegoma kukaa juu ya kisigino, unyayo unadondoka. Usiondoke leo kabla hatujaonana.

Nimewasimamisha kwa sababu hilo zoezi la dakika moja linaniambia mambo ambayo picha haiwezi kuniambia. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI, zile za mashine ya sumaku, watu 98 ambao mgongo hauwaumi hata kidogo. Waliokuwa na diski safi zote walikuwa 36 tu kati ya kila 100. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyotuna mahali fulani, na 27 kati ya 100 walikuwa na diski iliyochomoza, na wanatembea, wanalima, hawana habari. Kwa hiyo karatasi ikisema diski imetoka, bado hatujajua kama hiyo ndiyo inayokuuma. Tunajua pale ambapo picha, maumivu na udhaifu wa mguu vinaelekeza kwenye mshipa mmoja.

Hili ninalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini niliinua mgonjwa vibaya, na usiku ule mguu wa kulia ukawaka moto mpaka kidole gumba. Daktari niliyemfikia, hospitali siitaji, aliinua picha yangu kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Hii ni ya kupasua," kabla hajanigusa mguu. Hakuniuliza maumivu yana siku ngapi. Yalikuwa na siku tisa. Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto. Sikupasuliwa, na ndani ya miezi minne nilikuwa nimepona.

Lakini msiondoke na hilo peke yake mkasema kisu ni kibaya. Dada yangu mkubwa naye diski ilimtoka. Yeye aliogopa kisu, akasubiri mwaka mzima na zaidi, huku akichomwa sindano za maumivu dukani na kuchanjwa chale kiunoni. Alipopasuliwa hatimaye maumivu yaliisha, ila ganzi ya unyayo imebaki mpaka leo. Akivaa ndala inamvuka njiani asijue. Mimi na dada yangu tulizaliwa nyumba moja, na jibu lililonifaa mimi halikumfaa yeye.

Basi tuulizane: nani anahitaji kisu, na lini?

Wapo ambao hawana la kuchagua. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Uti wenyewe, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye ubongo, unaishia juu kidogo ya kiuno. Chini ya hapo inabaki mishipa mingi myembamba inayoning'inia pamoja, kama ufagio wa chelewa. Baadhi ya chelewa hizo zinakwenda miguuni. Nyingine zinashika kibofu, haja kubwa na sehemu za siri. Diski ikitoka kwa kishindo ikabana ufagio wote, mtu anaona haya: mkojo hautoki, au unatoka bila yeye kujua, ganzi inashika pale ambapo mwili ungegusa tandiko la baiskeli, miguu yote miwili inalegea. Hii ni dharura. Mtu apasuliwe haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya siku mbili. Nimewahi kuletewa kijana mpakiaji, mwenye nguvu kama nyati, amekaa siku nne bila kukojoa vizuri kwa sababu aliona haya kumwambia mama yake. Mguu ulirudi. Kibofu hakikurudi sawasawa. Kwa hiyo akina mama, ukimuuguza mtu wa mgongo, muulize habari ya mkojo. Muulize wazi, usizungushe maneno.

Na mguu unaozidi kudhoofika siku kwa siku, unyayo ukaanza kuburuta, huyo naye asikae nyumbani. Amwone mpasuaji mapema.

Halafu kuna mgonjwa ambaye usiku anatoka jasho, ana homa za jioni, anakonda, na mgongo unauma hata akilala. Huyo msimwite wa diski kwanza. Kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo, na tiba yake ni dawa za miezi mingi.

Hao wakitoka, tunabaki na wengi, na kwao habari ni njema. Kile kipande cha ute kilichotoka mwili unakiona kama mgeni, unakishambulia na kukila pole pole. Tena kipande kikubwa kilichomwagika mara nyingi ndicho kinachopungua zaidi. Walio wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Katika muda huo kazi yetu ni kupunguza maumivu na kukufanya uendelee kutembea. Kulala kitandani hakusaidii. Waholanzi walilipima hilo kwa wagonjwa 183, wakalichapisha mwaka 1999: waliolazwa wiki mbili hawakupona zaidi kuliko wale walioambiwa waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Mazoezi tunayofundisha yanaanza taratibu: kutembea hatua chache mara nyingi kwa siku, kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko kama mguu unatulia ukifanya hivyo. Zoezi linalopeleka maumivu chini zaidi mguuni, acha.

Vidonge vya maumivu vina nafasi yake, kwa siku chache na kwa ushauri. Zile sindano za dukani, asubuhi moja na jioni moja, wiki tatu mfululizo, zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na ikichomwa vibaya takoni inaweza kujeruhi mshipa ule ule unaokuuma. Kuna sindano nyingine kabisa, ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo daktari bingwa anaichoma karibu na mshipa mgongoni. Hiyo hutuliza kwa wiki kadhaa, inakupa nafasi ya kusubiri. Hairudishi diski mahali pake.

(Hapa kijana mmoja aliuliza kuhusu dawa za kuongeza ute.)

Mdogo wangu, umefanya vyema kuuliza, kwa sababu zinauzwa kila stendi. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Hakuna unga wala kidonge unachokunywa kikaenda kujaza ute kwenye ngata hii. Fedha hiyo weka nauli ya kwenda hospitali.

Sasa kisu. Waholanzi hao hao mwaka 2007 walichapisha utafiti wa wagonjwa 283 ambao mguu uliwauma kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, nusu waendelee na matibabu mengine, wapasuliwe baadaye ikibidi. Waliopasuliwa mapema, nusu yao walikuwa wamepona katika wiki 4 hivi. Upande wa pili ilichukua wiki 12. Lakini mwaka ulipotimia, 95 kati ya 100 katika kila upande walisema wamepona. Na katika wale waliosubiri, 39 kati ya 100 waliishia kupasuliwa. Mnaona? Kwa mtu wa wiki chache, kisu kinanunua muda. Hakimpi mgongo tofauti na wa yule aliyesubiri.

Mambo yanageuka subira ikizidi. Kanada, mwaka 2020, walichukua wagonjwa 128 ambao mguu ulikuwa unawauma kwa miezi 4 hadi 12. Baada ya miezi sita waliopasuliwa walikuwa na maumivu ya kiwango cha karibu 3 kwa 10, waliobaki na matibabu mengine zaidi ya 5. Hao ndio kina dada yangu. Ukifika mwezi wa nne mguu bado unawaka na umefanya mazoezi kweli, usikae tena ukisubiri muujiza.

(Bibi mmoja: "Mwanangu, wanasema ukipasuliwa mgongo unapooza.")

Shikamoo bibi. Hofu hiyo naiheshimu. Kumbuka ufagio wa chelewa: pale wanapopasua kwa diski za chini, uti wenyewe umeshakwisha. Wanakulaza kwa nusu kaputi, wanachana sehemu ndogo, wanasogeza msuli, wanaondoa kipande kinachobana. Diski yote hawaiondoi. Kupooza kunaweza kutokea ila ni nadra sana. Yanayotokea zaidi ni kidonda kuingia vijidudu, utando wa mishipa kuchanika, na diski kutoka tena, kama watu 5 hadi 15 kati ya 100. Na jambo moja mpasuaji akuambie kabla hujatia saini: upasuaji huu unatibu mguu. Maumivu ya kiuno chenyewe hayana ahadi hiyo. Kama shida yako ni kiuno tu, na mguu hauna neno, mara nyingi huna sababu ya kupasuliwa kwa ajili ya diski.

Nawajua. Mtu atapima na msimu. Mwenye mikorosho mingi na mguu unaowaka Agosti atasema, mimi nataka kupona haraka, Oktoba nikaokote. Sababu hiyo ni halali, mwambie daktari. Lakini hesabu vizuri: kwenda Muhimbili, Taasisi ya Mifupa, ni siku nzima ya basi kwa mgongo huo huo, halafu nauli ya mwenzako, malazi, na wiki kadhaa baada ya hapo bila kubeba kizito. Bomba la kupulizia mikorosho salfa halirudi mgongoni mara tu kidonda kinapofunga. Mwingine ana watoto wakubwa wa kumwokotea, anaweza kusubiri. Familia ikae chini, izungumze kabla ya siku ya safari, siyo kwenye kituo cha basi.

(Bibi tena: "Na mimi nisiyepasuliwa, nitaokotaje?")

Bibi, usiokote kwa kuinama kutoka kiunoni asubuhi mpaka adhuhuri. Piga goti moja juu ya kipande cha gunia, au kaa kigodani usogee nacho chini ya mkorosho. Kila ndoo ikijaa nusu, simama, tembea mpaka kwenye mti wa pili urudi. Wa kubeba awe mjukuu, na naye agawe, asibebe gunia zima peke yake.

Nimeona wengi mmekuja na bahasha za picha. Wekeni kwanza pembeni. Mwenye mguu unaouma chini ya goti abaki, tutandike jamvi hapa, nitaanza na miguu. Mzee wangu wa shati la bluu, wewe wa kwanza. Njoo ukae kwenye benchi, vua kiatu cha kushoto.