Mahali Palipofunikwa na Kebo

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na ninyi wanangu mnaosomea uhandisi, habari za asubuhi. Leo nazungumzia ukaguzi: namna ya kuona ufa usioonekana kwa macho, bila kukivunja kitu chenyewe. Kabla ya yote nipeni dakika moja. Hivi ni vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa pamoja. Upande unaowatazama nimeupaka chokaa tangu jana, imekauka. Upande wangu napaka mafuta ya taa kwa brashi, hivi, juu ya mshono wote. Basi, kisimame hapo mezani. Jana, kabla ya chokaa, niliwapitishia mafundi kumi mshono huu mikononi. Ulikuwa umesuguliwa, laini kama kijiko. Wote kumi walisema ni mzima.

Sasa twende Marekani, na walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana kisa hiki nitakisimulia mpaka kila fundi wa nchi hii akijue. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United aina ya DC-10, safari namba 232, ilitoka Denver ikielekea Chicago. Ikiwa angani, injini ya mkiani ikapasuka. Diski ya feni, lile gurudumu zito la metali ya titani linaloshika mapanga ya mbele ya injini, ilikatika, na vipande vilivyoruka vikaharibu mifumo yote mitatu ya haidroliki, ile inayotumia mafuta yenye shinikizo kuigeuza ndege. Rubani anageuza usukani, ndege haimsikii. Wakaiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini mbili zilizosalia mpaka mji wa Sioux City, na huko ikaanguka kwenye uwanja wa ndege. Walikuwamo watu 296. Walikufa 112.

Diski ile ilizaliwa na kasoro. Titani ilipoyeyushwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilibaki ndani yake doa gumu, dogo sana. Doa likaacha kijitundu, kijitundu kikaanzisha ufa, na ufa ukawa unasogea kidogo kidogo kila ndege iliporuka na kutua. Miaka kumi na saba hivi.

Mtasema hawakukagua. Walikagua! Mara ya mwisho ilikuwa 1988, safari 760 kabla ya ajali, na kwa njia nzuri: unapaka kimiminika kinachopenya kwenye ufa, unafuta uso, unapuliza unga, unaingia gizani na taa ya urujuanimno, na penye ufa panang'aa. Wachunguzi wa ajali walihitimisha kwamba siku ile ufa ulikuwa tayari umefikia karibu nusu inchi. Nusu inchi ni upana wa kidole changu hiki cha mwisho. Njia ile huona nyufa ndogo kuliko huo.

Haukuonekana kwa nini? Diski ilikuwa imening'inizwa kwa kebo iliyopita kwenye tundu lake la katikati, na ufa ulikuwa humo humo, kwenye ukuta wa tundu. Mkaguzi anapaswa kuizungusha, ili sehemu iliyolalia kebo nayo ipate unga na ipate taa. Wachunguzi waliona uwezekano kwamba hakuizungusha ipasavyo. Kebo, ndugu zangu. Mahali padogo palipofunikwa na kebo.

Kwa hiyo mtu akisimama kuniambia, kama alivyosimama mmoja mwaka jana, kwamba sisi tatizo letu ni kukosa vifaa ghali, namwomba anisikilize vizuri. Wale walikuwa na vifaa. Walikuwa na taa, na chumba cha giza, na vitabu vya utaratibu. Na sisi tusio navyo... ngojeni. Tazameni mezani. Wa nyuma simameni. Mnaiona ile alama ya kijivu kwenye chokaa, ndogo kama punje ya mtama? Inatanuka. Hayo ni mafuta ya taa yaliyotembea kutoka upande wangu hadi upande wenu, ndani ya ule mshono laini kama kijiko. Maji yangeweza kukaa hapo wiki nzima msione kitu. Mafuta ya taa hujipenyeza yasikopita maji. Gharama yake ni chokaa na kikombe cha mafuta.

Lakini hata chokaa ina kebo yake. Nikiwa kijana nilitia saini tangi la dizeli kwenye yadi moja. Nilipaka mishono yote niliyoifikia. Tangi lilikuwa limekalia viti viwili vya chuma, na sikuomba linyanyuliwe, kwa sababu winchi ilikuwa na kazi nyingine na jioni ilikuwa imeingia. Lilivuja pale pale lilipokalia kiti. Lilikuwa jirani na kisima watu walichokuwa wakinywa maji yake. Mpaka leo sitii saini kitu ambacho hakijanyanyuliwa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Eksirei basi niipitie haraka: inaona vizuri mapovu ndani ya mshono, lakini ufa mwembamba uliolala kukingama na miale unaweza kuipita. Mawimbi ya sauti huukamata huo, mradi ukielekeze kifaa sawasawa. Njia ya sumaku tuiache, itatumaliza muda.

Ila zege sitaiacha. Tangu jengo lile la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, kila mtu anataka nyundo ya Schmidt, ile inayogonga zege na kupima ugumu wake kwa jinsi inavyodunda. Nzuri, inunueni. Lakini nyundo ile hupima uso unaougonga, hailioni tumbo la nguzo. Ukigonga juu ya lipu, umepima lipu. Bandueni lipu kwanza, sugueni, gongeni mara nyingi kwenye eneo moja, lakini si nukta ile ile, kisha mhamie pengine. Na mkifika kwenye jengo mkaambiwa nguzo ya kona iko ndani ya stoo, stoo imefungwa na mwenye funguo amekwenda msibani, msiandike kwenye fomu kwamba nguzo zote zimekaguliwa. Kaeni hapo ngazini mngojee funguo. Kesho kama hajarudi, rudini tena.

Haya, maswali.