Tuwaiteje Majirani Zetu?

Mhadhara kwa walimu na wanahabari, Tanga mjini

Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo. Walimu wangu, wanahabari, wazee mliotangulia, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Twendeni kwanza mnadani, kule Handeni. Mfugaji kasimama na fimbo yake, kashika kamba ya ng'ombe. Mnunuzi anampapasa ng'ombe mgongoni, anamwangalia meno, kisha anaita: "We Mang'ati, huyu bei gani?" Bei inatajwa, pesa zinahesabiwa, basi. Lakini Mang'ati ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Limetoka kwenye ugomvi wa zamani wa malisho, likateremka mpaka pwani, na leo linaandikwa gazetini kana kwamba ni jina la kabila. Hao ni Wadatoga. Wabarabaig ni sehemu yao.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Wilayani Kilindi, mkoani humu humu, na kuvuka mpaka kuingia Kiteto, wapo Waakie, wawindaji na warina asali. Sisi tunawaita Wandorobo. Nalo tumelipokea kutoka Kimaasai: fukara, mtu asiye na ng'ombe. Jamani, mtu anayejua mti gani una nyuki na msimu gani asali imeiva, tunamtambulisha kwa mali ambayo maisha yake hayakuihitaji! Na Wamaasai nao hawajapona, maana Ilparakuyo wa Handeni na Bagamoyo tumewabandika jina la Wakwavi.

Najua mtaniambia makabila mengi yalipewa majina na majirani. Kweli kabisa. Mbondei kaitwa hivyo na Msambaa wa mlimani, kwa kuwa yeye yuko bondeni. Ila Mbondei kalipokea, anajitambulisha kwalo kwa fahari, hakuna ubaya. Kwa hiyo tusibishane sana juu ya jina lilikotoka. Tuwasikilize wenyewe wanajiitaje, na lipi likitajwa wanakunja uso.

Tukitaka kuwataja watu kama hawa kwa ujumla, tunasema jamii za asili. Hapo Mdigo ataniuliza, "Na mimi je, nimetoka wapi?" Ana haki ya kuuliza. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipokea ripoti mwaka 2003 iliyolieleza vizuri: barani kwetu suala si nani alitangulia kufika. Ni jamii ambazo maisha yao yamefungamana na ardhi yao, zikabaguliwa na kuachwa nyuma kwa ajili ya maisha hayo hayo, na zenyewe zinajitambua hivyo. Tarehe 13 Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la haki zao kwa kura 144, Tanzania ikiunga mkono. Walimu, someni kifungu cha 13: kinazipa haki ya kuchagua na kuhifadhi majina ya jamii zao, mahali pao na watu wao.

Wa mbali nao tuwatendee vivyo hivyo. Bado tunafundisha "Wahindi Wekundu" kwa sababu Columbus, mwaka 1492, alidhani kafika Asia. Tuseme Wanavajo, Walakota, Wacherokee. Kama taifa halijulikani, tuseme mataifa ya asili ya Marekani. Wa Kanada na Greenland ni Wainuiti. Wa kaskazini mwa Norwei ni Wasami. Na "mbilikimo" je? Hilo hatukuletewa na mzungu, ni letu, na linampima mtu kwa kimo chake. Watu hao wa misitu ya Afrika ya Kati wana majina yao: Wambuti, Wabaka, Watwa.

Wanahabari, kwenu nina ombi moja la ziada. Acheni kuandika kwamba Wahadzabe "bado hawajastaarabika" au wanaishi "enzi za mawe". Wanaishi mwaka huu huu, kando ya Ziwa Eyasi, na wengine wana simu mfukoni. Mkienda kwao, kabla ya kuwasha kinasa sauti, muulizeni mzee wa pale: tuandike ninyi ni akina nani? Jibu lake liingie kwenye kichwa cha habari, si aya ya mwisho.

Mama pale nyuma kanyoosha mkono tangu nilipowataja Wadigo. Mpeni kipaza sauti.