Shirki ni dhuluma kubwa: hofu zetu tunazipeleka kwa nani?

Alhamdulillahi Rabbil-alamin, was-swalatu was-salamu ala Rasulillah, wa ala alihi wa sahbihi ajmain. Wazee wetu, mama zetu mlio upande wa pazia, vijana, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walioko mlangoni wasogee mbele, nafasi ipo. Na kuna motari ameegesha pikipiki mbele ya geti. Naomba aisogeze, wazee wapate kupita.

Mada niliyopewa ni uzito wa shirki, yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kingine. Kijana mmoja wa kamati alipoisikia akasema, "Mwalimu, hiyo nyepesi, hapa Goma Muislamu gani anaabudu sanamu?" Kweli, sijamwona Muislamu wa Birere wala wa Majengo akilipigia jiwe magoti. Lakini tuwaangalie hao Makureshi wenyewe, kabila la Makka lililoabudu masanamu. Qur'ani inasema ukiwauliza ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, watajibu: Mwenyezi Mungu. Iko Surat Luqman, aya ya 25. Na Surat Zumar, aya ya 3, imetaja udhuru wao: hawa hatuwaabudu ila wapate kutusogeza karibu na Mwenyezi Mungu. Abu Jahl, mkubwa wao aliyempinga Mtume, hakuwa mkana Mungu. Alimjua Allah, akamtaja katika viapo vyake, kisha haja zake akazipeleka kwa masanamu, Hubal na Uzza. Kwa hiyo kijana wangu, kutokuwa na sanamu sebuleni hakujamaliza kazi.

Luqman alipomuusia mwanawe, neno la kwanza lilikuwa hili: Ewe mwanangu, usimshirikishe Mwenyezi Mungu, hakika shirki ni dhuluma kubwa. Aya ya 13. Hakuanza na swala, hakuanza na adabu za kutembea na kupunguza sauti. Hayo yalikuja baadaye.

Aya hii ina kisa chake. Iliteremka aya ya Surat An'am, ya 82, kwamba walioamini na hawakuichanganya imani yao na dhuluma, hao ndio wenye amani. Masahaba wakaingiwa na hofu. Ibn Mas'ud anasimulia, na hadithi iko katika vitabu vya Bukhari na Muslim, wakasema: ewe Mtume, nani kati yetu hajaidhulumu nafsi yake? Akawaambia si hivyo mnavyodhani, hamjasikia alivyosema Luqman kumwambia mwanawe? Wakatulia. Watu waliopigana vita vya Badri, waliohama na kuacha mali zao, walitetemeka kwa aya moja. Sisi tunasomewa aya hiyo Ijumaa, mwengine anapiga miayo.

Kwa nini iitwe dhuluma? Hapa Goma tunajua kesi za ardhi. Mtu yuko safari, anarudi anakuta parsele yake imeuzwa, mwengine amejenga juu yake na ana karatasi zenye mhuri. Aliyeuza hakuwa na haki hata ya sentimeta moja. Mwenye kushirikisha ndivyo afanyavyo: kilicho cha Mwenyezi Mungu peke yake anakitoa akimpa asiyekimiliki. Mu'adh bin Jabal alipandishwa na Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, nyuma yake juu ya punda, akaulizwa: unajua haki ya Allah juu ya waja wake? Jibu: wamuabudu wala wasimshirikishe na chochote. Haki ya waja kwake ni kwamba asiyemshirikisha hamuadhibu. Hiyo ndiyo haki inayouzwa.

Na ndiyo maana Surat Nisaa imerudia mara mbili, aya ya 48 na ya 116, kwamba Mwenyezi Mungu hasamehe kushirikishwa, na husamehe yaliyo chini ya hapo kwa amtakaye. Naomba tuelewane vizuri hapa, kwa sababu kuna watu wanaisikia aya hii na wanakata tamaa. Inamhusu mtu aliyekufa juu ya shirki bila kutubu. Aliye hai mlango wake uko wazi. Zumar aya ya 53 inasema Mwenyezi Mungu husamehe dhambi zote. Umar bin al-Khattab alizaliwa katika shirki. Khalid bin al-Walid aliupigania upande wa shirki katika vita vya Uhud. Leo tunawataja na kusema radhiyallahu anhum.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka kukaa nalo. Kwetu hapa shirki inaingia kwa mlango wa hofu. Tuna mlima unaowaka, tuna ziwa, tumekuwa na vita muda mrefu. Mtu wa Goma ana sababu za kuogopa, silaumu hofu yake. Nauliza tu: ukiogopa, mguu wako wa kwanza unaelekea wapi?

Surat Ankabut, aya ya 65: wanapopanda majahazi humwomba Mwenyezi Mungu wakimtakasia dini, akiwafikisha nchi kavu, mara wanamshirikisha. Sisi wa Kivu aya hii haihitaji tafsiri ndefu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka ufukweni. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa. Nani kati yetu aliyewahi kusafiri Goma hadi Bukavu, upepo ukachafuka katikati ya usiku, akamkumbuka mwengine zaidi ya Mungu?

Ikrima, mtoto wa Abu Jahl, yalimfika hayo. Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 wa Hijra, yeye alikuwa kati ya watu wachache walionyimwa msamaha. Akakimbilia baharini. Dhoruba ikawapiga, watu wa chombo wakasema: takaseni dua zenu, miungu yenu haiwafai kitu hapa. Washirikina ndio waliosema hivyo! Ikrima akafikiri. Akasema wallahi, kama baharini hakuna kinachoniokoa ila kumtakasia Yeye, basi na nchi kavu hakuna kinachoniokoa ila hicho hicho. Akaweka ahadi, akipona ataenda kuuweka mkono wake ndani ya mkono wa Muhammad. Akapona, akaenda, akasilimu, na mwisho akafa vitani Sham, nchi ya Shamu. Mtoto wa Abu Jahl! Alifanya hesabu moja tu ya akili, bila mhadhiri.

Sisi wengine tumeigeuza. Mambo yakiwa shwari tunasema alhamdulillah, tunavaa kofia safi, tunakuja Ijumaa. Mtoto akipata degedege usiku, bidhaa zikilala sokoni Virunga wiki mbili, kijana akitaka kugombea kiti, hapo ndipo Muislamu anatafuta njia ya uchochoroni. Washirikina wa Makka walimkumbuka Allah katika shida na kumsahau katika raha. Sisi tunamkumbuka katika raha, halafu katika shida, penyewe hasa, tunampelekea mwengine. Niambieni nani afadhali.

Na aliye hatari zaidi si yule mfumu wa kijijini mwenye pembe na manyoya. Huyo mnamjua, na ukienda kwake unaenda usiku kwa aibu. Wa hatari ni aliyevaa kanzu kama yangu hii. Anaanza na bismillahi, anachora jedwali, ndani yake herufi zisizosomeka na majina ambayo hakuna mwanachuoni anayeyajua. Anakuambia leta jogoo wa rangi fulani, uchinje bila kutaja jina la Allah. Anataka dola hamsini leo, hamsini baada ya siku saba. Dalili moja tu nawapa: akikuuliza jina la mama yako ili akutazamie nyota, inuka, chukua viatu vyako. Mtume amesema, na imepokewa na Muslim, mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40. Hapo ni kuuliza tu. Kumsadiki ni zaidi, hadithi nyingine inasema amekufuru yale aliyoteremshiwa Muhammad.

Wengine watauliza kuhusu volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliupasua mji huu ikafika ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ikawaka tena, tukakimbia wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi. Na mnayajua maneno yaliyosemwa: mlima umekasirika, fulani ameuchokoza, panatakiwa kafara. Ibrahim mtoto wa Mtume alipofariki jua lilipatwa siku ile ile, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Baba mwenye msiba, na maneno yale yanamtukuza mwanawe, angeweza kunyamaza tu. Akasimama akasema jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Mkiona hivyo mwombeni Allah na mswali. Basi Nyiragongo ni mlima. Hauna hasira wala deni. Ukisikiliza wataalamu wa Observatwari ya Volkano ya Goma wakisema ondokeni, ukaondoka, hiyo si shirki. Huko ni kushika sababu, kama unavyokunywa dawa ya malaria. Shirki ni kuudhani mlima unajua jina lako.

Nataka mama zetu wanisikilize hapa, na vijana zaidi. Nimesema shirki ni dhuluma kwa haki ya Mungu. Haiishii hapo. Mtoto amekufa, familia inakwenda kwa mpiga ramli kuuliza nani kamuua. Yule mtu hajui kitu, ghaibu, yaani yaliyofichika, haijui yeyote mbinguni wala ardhini isipokuwa Allah, Surat Naml aya ya 65. Lakini amelipwa, lazima aseme jina. Anataja nani? Hamtaji kanali. Hamtaji mfanyabiashara mwenye walinzi. Anamtaja bibi mzee, mjane, macho mekundu kwa moshi wa makala, hana mtoto wa kiume wa kumtetea. Au anamtaja mtoto yatima anayekojoa kitandani. Na hapa Kivu mnajua kinachofuata, mawe, na matairi, na petroli. Damu hiyo ilianza na nani? Ilianza na baba aliyetoa pesa kuuliza swali ambalo jibu lake Mungu hakumpa mtu. Mtume alipohesabu mambo saba yenye kuangamiza, alianza na shirki, akafuatisha uchawi, akafuatisha kuua nafsi kwa dhuluma. Angalieni mpangilio huo na mtaa wenu.

Kuna kikaratasi kimeletwa hapa. "Mwalimu, babu yetu alitoka Kasongo, alikuwa msomi, akatufungia hirizi zenye aya za Qur'ani. Alikufa nayo shingoni. Je, ni wa motoni?"

Swali zito, na aliyeandika ana uchungu. Kwanza, hirizi yenye mizimu, majina ya majini, mifupa, hiyo haina mjadala, hadithi ya Uqba bin Amir iko wazi: mwenye kutundika hirizi ameshirikisha. Yenye Qur'ani tupu, wanachuoni wamehitilafiana tangu zama za masahaba. Imepokewa ruhusa kutoka kwa Abdullah bin Amr, na Ibn Mas'ud akaikataa. Mimi nafuata ya Ibn Mas'ud, kwa sababu mtu huacha kuisoma Qur'ani akaitegemea ngozi iliyoshonwa. Lakini simwiti babu yako mshirikina, na wewe usimwite. Usama bin Zayd alimuua mtu vitani baada ya kutamka la ilaha illa Llah, Usama akadai mtu yule aliitamka kwa kuogopa silaha. Mtume akamuuliza: je, uliupasua moyo wake? Vijana wetu siku hizi wakishajifunza mlango mmoja na nusu wa tauhidi, elimu ya kumpwekesha Mungu, kesho wameshahukumu nusu ya mji. Kitendo tunasema ni shirki. Mtu tunamwachia aliyemuumba. Muombee babu yako rehema.

Shirki ndogo naipita haraka, saa inakimbia. Riya, mtu anarefusha sijda kwa kuwa mkwe wake yuko nyuma. Mtume aliihofia kwetu sisi, si kwa washirikina. Na kuapa: "kwa kaburi la baba", "naapa kwa mtoto wangu". Mwenye kuapa aape kwa Allah au anyamaze. Wafanyabiashara, nyinyi hasa.

Sasa, kwa wale wenye kitu nyumbani, kimezikwa kizingitini, kimefungwa kiunoni mwa mtoto, kiko chini ya meza ya duka. Kitoe leo. Sema bismillahi, soma Ayatul Kursiy na Qul a'udhu mbili, kifungue wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Utaona ni karatasi, mifupa na uzi. Kama ndani mna aya za Qur'ani usiitupe jalalani. Ichome, kama Uthman bin Affan alivyoamuru zile nakala zichomwe, au ifukie mahali pasipokanyagwa. Anayeogopa kufungua peke yake aniletee baada ya swala, tutafungua pamoja, na hakuna atakayeuliza ulikipata kwa nani. Na pesa alizokula yule mtu, usirudi kuzidai kwa ugomvi. Mpelekee nasaha, naye ana mlango wa toba kama wewe.

Muadhini ananionyesha saa. Tuamke tukatawadhe, wenye maswali yaliyobaki nitawakuta barazani baada ya magharibi.