Jeni za Usugu Zinazosafiri Pamoja

Mheshimiwa Mwenyekiti, madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara mliofika kutoka Mwanza mjini, Sengerema na Ukerewe, nawashukuru kwa kuja. Nitazungumzia jambo moja: kwa nini mtoto mchanga ambaye hajawahi kupewa dawa yoyote anaweza kuugua maambukizi ya damu yaletwayo na bakteria sugu kwa dawa nne au tano kwa pamoja.

Klebsiella pneumoniae ni bakteria anayeishi katika utumbo wa watu wengi bila madhara, lakini akiingia kwenye damu ya mtoto njiti kupitia kanula, yaani mrija mwembamba unaowekwa mshipani, anaweza kumuua kwa siku chache. Dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini, ikiwamo seftriaksoni tunayoitumia kila siku, huangamiza bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli yake. Jeni iitwayo CTX-M-15 humwezesha kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa kabla haijafanya kazi. Tafiti zilizochapishwa kutoka Hospitali ya Bugando zimeikuta jeni hii ikitawala miongoni mwa jeni za aina yake, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya dunia. Vimeng'enya vya namna hii si vipya; wanasayansi Abraham na Chain walieleza kinachoharibu penisilini mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijaenea mahospitalini.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mahali jeni hii inapokaa. Mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo, kilicho nje ya kromosomu, ambacho bakteria hukinakili na kumpa jirani yake, hata akiwa wa spishi nyingine kama Escherichia coli. Plasmidi ni kama kivuko cha Kamanga: kikishang'oa nanga, wote waliomo wanavuka, awe aliyekuwa na haraka au asiyekuwa nayo. Humo, pamoja na CTX-M-15, mara nyingi huwemo jeni za kuzishinda antibiotiki nyingine: za kuishinda gentamisini, za kuishinda kotrimoksazoli, na za kupunguza makali ya siprofloksasini. Kwa hiyo kila tunapochoma seftriaksoni pasipo sababu, tunawaondoa bakteria wanyonge, tunamwachia nafasi mwenye plasmidi, na papo hapo tunakuza usugu dhidi ya gentamisini ambayo mgonjwa huyo hakupewa kabisa.

Naomba hili lieleweke vizuri. Mtoto mchanga mwenye dalili za maambukizi ya damu huanzishiwa ampisilini na gentamisini. Klebsiella ni sugu kwa ampisilini kwa asili yake, hivyo mzigo wote unabebwa na gentamisini. Nayo ikishindwa, mtoto yule anapata dawa mbili ambazo hazimsaidii, huku tukiamini kuwa anatibiwa.

Maabara inaweza kutuonyesha hali hii kwa macho. Mtaalamu hupaka bakteria juu ya sahani ya agari, yaani jeli ya kuoteshea vimelea, huweka vidonge vya karatasi vyenye dawa, kisha huiacha sahani ndani ya inkubeta usiku kucha. Kidonge cha sefotaksimu, dawa ya jamii ya sefalosporini, kikiwa karibu na kile chenye asidi ya klavulaniki, eneo tupu lisiloota bakteria huvutika upande wa klavulaniki, kwa sababu pale katikati asidi hiyo imekizuia kimeng'enya na sefotaksimu imepata nafasi ya kuua. Umbo hilo ni dalili ya wazi ya vimeng'enya vya namna hii, vikiwamo vya jamii ya CTX-M.

Meropenemu, antibiotiki yenye nguvu zaidi, bado hustahimili kimeng'enya hiki, ila ni ghali, na jeni ya NDM-1, inayoivunja hata meropenemu, ilielezwa mwaka 2009 na imekwisha kuenea katika mabara mengi. Ndiyo maana naweka uzito kwenye mikono inayooshwa kati ya mtoto mmoja na mwingine, na kwenye damu inayochukuliwa kwa ajili ya kuoteshwa kabla ya dozi ya kwanza.

Nanyi mnaohudumu visiwani, ambako maabara ya kuotesha vimelea iko mbali, mnapompa mgonjwa rufaa andikeni kwenye fomu jina la kila antibiotiki aliyopewa, dozi yake na saa aliyochomwa, maana damu iliyochukuliwa baada ya sindano inaweza isioteshe kitu, na anayempokea mgonjwa, asipojua hivyo, atadhani hakuna maambukizi.